Hendeli Moja, Vioo Vinne

Jumatatu, tarehe 4
Nimepoteza kioo cha dereva leo saa mbili asubuhi. Hakikuibiwa, hakikuvunjika. Nimebonyeza kitufe, kikazama ndani ya mlango na kugoma kutoka. Na Alhamisi namtoa mama mkwe hospitali, amepasuliwa jicho! Daktari ameonya: vumbi lisimguse. Shemeji, kaka wa mke wangu, amejitolea kumchukua kwa gari lake jipya. Namwita Bwana Rimoti. Hata buti yake hufunguka kwa kubonyezwa. Nikamwambia mke wangu mama atapanda la kwetu.

Jumanne, tarehe 5
Fundi anasema mota moja imekufa, tatu zinakohoa. Hesabu yangu: mota nne na swichi saba ni vitu kumi na kimoja vya kuharibika. Kioo cha kuzungusha kwa mkono hakina hata kimoja. Ng'oa vyote! Akauliza kama nina hakika. Gari nimelinunua kwa jasho langu, sikurithi. Nina hakika.

Jumatano, tarehe 6
Mitambo ya mkono imepatikana kwenye gari bovu la aina yangu, yote minne. Ila hendeli ya kuzungushia ni moja tu. Nyingine wajanja wameziwahi. Fundi akashauri tusubiri wiki. Wiki! Nani huzungusha vioo vinne kwa pamoja? Unachomoa hapa, unachomeka pale. Mke wangu akauliza, na ikitakiwa pawili? Huyu anapenda kunikatisha tamaa.

Alhamisi, tarehe 7
Mama mkwe kakaa nyuma na bandeji yake, mke wangu ubavuni mwake. Rimoti akatufuata, eti kwa tahadhari tu. Mama akaomba hewa. Nikampa hendeli, akafungua kioo chake, akasifu. Nikafurahi mno. Nikaiomba, nikafungua na changu.

Ndipo likatokea lori la mchanga, halina turubai.

Mke wangu akasema nifunge. Nikaanza na changu, mazoea ya dereva. Nyuma nikasikia sauti ya upole: "Mwanangu, jicho ni langu."

Nikachomoa hendeli, nikaitupa nyuma. Ikaingia chini ya kiti! Mke wangu kainama, anapapasa, vumbi linamiminika. Akaacha kutafuta, akamfunika mama yake kichwa kizima kwa mtandio. Nikasimama. Mama akashuka, akapanda la Rimoti. Mke wangu akaiokota hendeli, akaniambia fundi aliuliza, na yeye aliuliza. Akamfuata mama yake. Hendeli mkononi.

Ijumaa, tarehe 8
Jicho salama. Mke wangu amelala kwa kaka yake. Mawingu yametanda, kioo cha nyuma kiko wazi. Nimelipima jambo hili kila upande: kosa ni la lori.

Halafu nimegundua wipa za kufutia mvua nazo zina mota. Kitu kingine cha kuharibika! Kamba mbili zinatosha, dereva anavuta huku, abiria anavuta kule. Fundi hapokei simu.

Nimemwandikia mke wangu: "Bandeji inatolewa kesho. Mama atapanda gari letu au la kaka yako? Na wewe, unarudi au hurudi? Sitaki maelezo. Nijibu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukija, njoo na hendeli. Upitie na dukani, uchukue kamba."