Zamu ya Kwanza ya Kuitazama Nova

Jumatatu, 3 Machi

Nyota yetu imelipuka tena. Ilipolipuka mara ya mwisho nilikuwa mtoto, sijui hata kufunga kamba za viatu. Sasa nina shahada mbili na meza karibu na dirisha.

Ni nova ya kujirudia. Nyota ndogo iliyokufa humnyonya jirani yake gesi, gesi hujilimbikiza, ikizidi hulipuka. Kisha inaanza kunyonya upya, bila aibu. Kama shemeji yangu.

Mkuu wa idara kasema tumepewa zamu mbili kwenye darubini ya eksirei inayozunguka huko angani. Moja keshokutwa, nyingine baada ya wiki tatu. Tugawane kwa amani, mimi na Taratibu. Huyu ni mwenzangu wa ofisini. Akimenya chungwa, unaweza kulala ukaamka. Nafasi ya mtafiti mwandamizi iko wazi, na ni moja tu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuwahi Mkuu kabla hajavua koti. Nikamwambia Taratibu ana mafua, tusimsumbue. Zamu ya kwanza ni yangu.

Taratibu alipoambiwa akajibu sawa, kwani ya pili ndiyo aliyoitaka. Anajikaza, maskini.

Nyumbani, mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa goti, kasikia neno eksirei. Akauliza kwa nini apange foleni hospitalini ilhali mkwe wake ana mashine. Nikamweleza kwa adabu kwamba iko angani. Baadaye akamwambia mke wangu kwamba ameolewa na mchoyo.

Ijumaa, 7 Machi

Picha imefika. Giza. Nikaongeza mwanga wa skrini. Giza. Nikafuta kioo kwa shati. Bado.

Lililobaki ni kugeuza hasara kuwa ugunduzi. Nimewatumia wanaastronomia wote tangazo: nyota hii haitoi eksirei. Nimelituma kabla ya chakula cha mchana, nisije nikatanguliwa.

Taratibu kaniuliza kama nimefikiria wingu. Nikamjibu kuwa angani hakuna mvua. Akaeleza, polepole kama kawaida, kwamba gesi iliyorushwa na mlipuko bado ni nzito, inaziba eksirei. Ikitawanyika, zitaonekana. Wivu mtupu.

Jumatano, 26 Machi

Zamu ya Taratibu. Wingu limetawanyika. Eksirei zinamiminika.

Ofisi nzima ilijazana mezani kwake, hata mhasibu. Nikasimama nyuma, najifanya natafuta stepla. Lazima niseme, ilikuwa nzuri. Siku zote hizi, chini ya moshi wote ule, uso wa ile nyota ndogo ulikuwa bado unawaka. Kwa muda kidogo nikasahau kununa.

Kisha Mkuu akasoma tangazo langu kwa sauti. Nikakumbuka nina miadi.

Usiku mama mkwe akauliza mbona sili. Nikamsimulia. Akanipakulia zaidi, akasema hata goti lake daktari hakuliona vizuri mara ya kwanza. Mwanamke mwema. Nilimdhania vibaya.

Ijumaa, 28 Machi

Taratibu kaniita pembeni. Nilijiandaa kusimangwa.

Akasema: "Picha yako tupu imenifaa sana. Bila hiyo nisingejua wingu lilianza kufunguka lini. Jina lako nimeliweka la pili kwenye ripoti."

Nilikaribia kumwambia habari ya mafua. Nikakohoa tu. Akanipa nusu ya chungwa lake.

Jumatatu, 31 Machi

Taratibu kapandishwa cheo. Nimempa mkono, tena kwa moyo safi.

Nimetafakari wikiendi nzima na mambo yamenikaa sawa. Nani aliwahi? Mimi. Nani alileta ile picha tupu inayosifiwa? Mimi. Bila haraka yangu, ripoti isingekamilika. Mke wangu kasema hivyo sivyo alivyoelewa yeye, lakini yeye si mwanaastronomia.

Leo asubuhi imelipuka nova nyingine, upande wa kusini. Nimeshaomba zamu ya kwanza. Tangazo la kwamba haitoi eksirei liko tayari, bado tu kujaza jina la nyota.