Foleni ya Chumba cha Kona

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhulumiwa! Chumba cha kona, chenye madirisha mawili na kochi, kapewa mshauri nasaha mpya. Mimi, mwalimu wa jiografia hapa chuoni kwa miaka kumi na moja, nimeachiwa kijiofisi kinachopakana na choo. Nasikia kila kitu. Mkuu wa chuo anasema afya ya akili kwanza, kwa wanafunzi na wafanyakazi. Na afya ya pua yangu je? Nikamlalamikia mke wangu. Akauliza kama nimekula.

Jumanne, 4 Machi
Mpango umeiva. Nje ya chumba kile kuna benchi. Nitakaa pale na daftari, nihesabu wanaoingia. Nikimpelekea Mkuu sufuri ya wiki nzima, chumba changu! Na nani atakwenda kutoa ya moyoni huku mwalimu wake kamkodolea macho? Walioingia leo: sufuri. Walioniona wakageuza: saba. Safi kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Binti mmoja wa mwaka wa pili, mwanafunzi wangu, kaja kukaa ubavuni mwangu. Akauliza kama na mimi nasubiri. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Akashusha pumzi: "Kumbe hata walimu!" Basi akafunguka. Wiki tatu hajaingia darasani. Anaamka, anavaa, anafika getini, miguu inagoma. Mama yake hajui. Barua ya kuacha chuo imo mkobani. Wiki tatu! Na mimi kwenye mahudhurio nimekuwa nikimwandika yupo.
Nikamwambia tu kwamba nilipoanza kufundisha nilikuwa natapika kila asubuhi kabla ya kipindi. Sijui neno hilo limenitokaje. Hata mke wangu sijamwambia. Binti akacheka, kisha akalia, kisha akaomba tuingie wote. Tukaingia, na kule ndani nikayarudia yale ya kutapika. Walioingia leo: wawili, mmoja mimi mwenyewe! Kochi ni laini, acha tu.

Alhamisi, 6 Machi
Habari zimezagaa kwamba hata mwalimu wa jiografia anakwenda. Benchi limejaa. Kaja mpishi wa kantini. Kaja mlinzi, ambaye tangu afiwe na kaka yake hana wa kuzungumza naye. Kaja hata karani wa mitihani, hasimu yangu, anayenirudishia karatasi kwa kosa la nukta moja. Nilitaka kumtimua. Akaninong'oneza kwamba simu ya ofisini ikilia, anatoka nje mpaka inyamaze. Nikamsogezea nafasi. Kwa leo tu! Uhasama uko palepale. Walioingia: kumi na wanne. Nimeuchana ukurasa.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kapita. Kaona foleni, na mimi katikati na daftari. Akadhani naandikisha zamu za watu. Akanipongeza mbele ya wote mpaka nikaona haya. Kisha, kwa furaha, akatangaza kwamba huduma itapanuliwa, na inahitajika ofisi ya pili. Yangu! Nimehamishiwa stoo ya ramani. Dirisha hata moja hamna.

Jumatatu, 10 Machi
Binti yupo darasani, mstari wa mbele. Nilipoita jina lake akaitikia, nikakwama. Darasa zima likadhani nimepoteza miwani. Baadaye mshauri nasaha akaniuliza, taratibu, kama yale ya kutapika yalikwisha kweli. Nikasema yalikwisha. Akafungua daftari lake la miadi. Nikasema nitakuja Alhamisi.
Lakini chumba kile nitakipata! Mpango mpya hauna kasoro: nitamsifu. Nitaiandikia bodi ya chuo barua ya kummwagia sifa mpaka wampandishe cheo, wamhamishe mbali. Nimeshajaza kurasa nne, na ajabu ni kwamba sijalazimika kutunga uongo hata mmoja. Mke wangu kaisoma. Anasema kwa barua hii hawatamwachia aondoke kamwe. Nikamwambia atulie, aone kazi.