Fizi Nyeupe Ukweni

Jamani, leo nimeaibika ukweni.

Mnaonijua mnayajua meno yangu. Nimekulia Ringwani, kwenye kisima ambacho maji yake yalitutia meno kahawia ukoo mzima. Sasa leo nilikuwa naenda Nyanungu kujitambulisha kwa baba yake Rhobi, mchumba wangu. Nikaona nisiende hivihivi. Juzi nikanunua sokoni Sirari dawa ya kung'arisha meno. (Kwa mama anayeuza pia chaja za simu. Ndiyo, najua.)

Maelezo yanasema dakika kumi. Kahawia ya miaka thelathini itoke kwa dakika kumi? Leo asubuhi nikakaa nayo saa nzima! Ikawasha kama pilipili, nami nikafurahi nikijua inafanya kazi.

Nikasukutua, nikashika kioo. Meno, kahawia vilevile. Fizi, nyeupe pee! Hofu niliyoipata siwezi kuieleza. Nilijua meno yote yatadondoka kabla ya mchana. Hapo hapo Rhobi akapiga simu: "Uko wapi? Wazee wameshakaa!"

Nikaenda, ningefanyaje? Nikaapa kutofungua mdomo. Shikamoo zote nilizitolea puani. Wakanikaribisha soda ya baridi. Nikanywa funda moja tu. Mama yangu! Maumivu yakapanda hadi utosini, nikaachama na kupiga ukelele mbele ya wazee saba.

Baba mkwe akainuka. Huyu amefuga ng'ombe maisha yake yote. Akanishika taya, akanipandisha mdomo wa juu kwa kidole gumba, akanigeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Mura, kijana wangu, hii imeanza lini?"

"Leo asubuhi, mzee." (Jaribu kulitamka hilo huku umeshikwa mdomo.)

Akamwita kaka yake. "Njoo uone. Huyu damu imekwisha. Ng'ombe akifika hapa hamalizi wiki."

Kaka mtu akachungulia, akatikisa kichwa. "Hata dawa ya minyoo sasa imechelewa."

Niliamini nakufa! Rhobi akaanza kulia: "Baba, fanya kitu!" Ndipo nikaropoka yote, dawa, saa nzima, hadi mama wa chaja.

Kisha wazee saba wakacheka mpaka mmoja akaomba ashikwe asianguke.

Rhobi akanipeleka zahanati. Daktari kasema nimeziunguza fizi kwa dawa, zitarudia rangi yake baada ya siku kadhaa. Na kahawia hii imo ndani ya jino tangu utotoni, haitoki kwa vya kupaka vya mtaani. Nikitaka kuihangaikia, nimwone daktari wa meno kwanza.

Mzee hajanikataa. Amesema nirudi wiki ijayo anitazame tena, ndipo tuzungumze mahari. Ng'ombe wangu hajakaguliwa hata mmoja. Nimeanza kukaguliwa mimi.