Kila Nyumba na Neno Lake

Jumatatu, 7 Septemba 1953. Myamba.

Nimefaulu! Shule ya bweni ya wasichana, kuanzia Januari. Imebaki ruhusa ya Baba tu. Jambo dogo.

Jioni. Si dogo. Baba ndiye msimamizi wa mfereji, na ugomvi wake na Kiingereza si wa leo. Mwaka jana alimweleza mzungu wa maji habari za ndiva, bwawa letu la kulaza maji usiku, kwamba inavuja na asubuhi mashamba hayapati kitu. Alianzia kwa babu yake aliyeichimba. Karani akatafsiri yote kwa maneno matatu. Mzungu akacheka. Mpaka leo Baba hajui alichekwa kwa lipi.

Sasa anakuja mzungu mpya, mwishoni mwa mwezi. Huyu Kiswahili hakijui kabisa. Baba amekata shauri hivi: ikiwa watu wazima wa hapa watamwomba simenti kwa Kiingereza, wenyewe, bila karani, bila mwalimu na bila mwanafunzi, naye akaelewa, nitakwenda shule. Vinginevyo nibaki nimsaidie Mama. Mama akasema mikono yake miwili inamtosha, asisingiziwe.

Lydia, binti wa Hezroni, naye amefaulu. Baba yake alimruhusu palepale. Tangu asubuhi anatembea kama mtu aliyekwisha kufika.

Hata hivyo nalala na furaha. Watu wazima wanafundishika. Ni suala la vifaa tu.

Jumatano, 9 Septemba

Vifaa vipo! Fanueli mwenye duka alipigana Burma, na alirudi na redio ya betri. Nimefungua darasa dukani kwake saa ya habari za Kiingereza. Waliohudhuria: Fanueli, kwa kuwa duka ni lake, na mama mmoja aliyefuata chumvi.

Redio ikasema sana. Fanueli akasema msomaji ana sauti ya sajini wake, na akasimama wima mpaka habari zikaisha. Nikatoa kitabu cha shule. Mtoto ana mpira. Mpira ni mwekundu. Mama wa chumvi akauliza mpira unaingiaje katika habari za ndiva. Swali zuri. Nikafunga kitabu.

Nikageukia magazeti ya Kiingereza ambayo Fanueli hufungia sukari. Kila habari inakatika pale alipochana. Meli iligonga mwamba na hatutajua kamwe kama watu walipona.

Lydia alipita akaniuliza kama wanafunzi wangu wameenda mapumziko. Nilimjibu vikali. Alikuwa ameshapinda kona, lakini nilimjibu.

Ijumaa, 11 Septemba

Nimepata! Usingizini, lakini nimepata.

Watu hawaji darasani kwa sababu darasa ni hiari. Msaragambo si hiari. Mzee Andrea akipuliza baragumu, kila nyumba inatoa mtu, mfereji unasafishwa, na asiyetokea analipa faini. Basi Kiingereza kiwe msaragambo!

Nimekwenda kwa Mzee Andrea. Nikamwamkia kwa adabu, nikamweleza. Akauliza kama Kiingereza kina magugu. Nikasema kina mengi mno. Akasema basi ni kazi halali.

Jumamosi, 12 Septemba

Wamekuja wote! Na majembe.

Baba akasema baragumu likishalia halirudishwi, watu wapewe kazi. Nikaandika mavumbini kwa kijiti, kwa Kiingereza: Bwana, ndiva yetu inavuja, tafadhali tupe simenti. Nikaeleza kwamba kila mtu atajifunza yote.

Kelele! Tangu lini mtu mmoja akapewa mfereji mzima? Baba akachukua ufito wa kupimia, akaipima sentensi kama anavyopima mfereji, akaigawa vipande. Kila nyumba na neno lake. Fanueli akapata Bwana. Nyumba ya wawili wapya waliooana juzi ikapewa neno fupi. Mwisho wa mfereji tope huwa zito na hupewa wenye nguvu, kwa hiyo neno la mwisho, simenti, likaenda kwa Hezroni.

Bibi yangu, Bibi Justa, hakupewa kitu. Wajane wazee hawapewi kipande, ni desturi na ni heshima. Bibi akasema heshima hiyo wampe mwingine. Akaondoka amenuna.

Mtu mmoja aliuliza kama kazi itaisha kabla ya jua kuwa kali. Iliisha! Kila mmoja neno lake, kabla ya saa nne. Kama ningegundua njia hii mapema, shule nzima ingekuwa ya juma moja.

Alhamisi, 17 Septemba

Gari la sinema limefika Hedaru. Tulishuka kwa miguu tangu alfajiri, darasa langu lote. Bibi akatufuata nyuma bila kualikwa.

Picha ilikuwa ya mtoto mchafu anayeumwa tumbo na nesi anayemwelekeza. Bwana wa sinema, ambaye hufafanua kwa Kiswahili, alikuwa amepwelewa na sauti. Bahati yetu! Kiingereza kitupu mwanzo hadi mwisho. Nesi alirudia sentensi moja kila mara: nawa mikono kwa sabuni. Bibi akaidaka nzima. Njia yote ya kupanda aliwaambia waliotangulia, waliochelewa na punda wa Fanueli wanawe mikono kwa sabuni. Kwa matamshi safi, lazima nikiri.

Nikamkumbusha kwa upole kwamba hana kipande. Akasema hiki amejilimia mwenyewe.

Alhamisi, 24 Septemba

Mazoezi kandokando ya ndiva. Wamejipanga mstari kama mferejini. Ile redio imewakolea: kila mmoja anatoa neno lake kwa sauti ya kutangaza msiba wa taifa. Nilipata baridi mwilini. Ni fahari.

Kisha nikafikiri. Je, mmoja akiugua? Nikamwomba Hezroni amwazime jirani neno lake, kwa tahadhari tu.

Sijawahi kuona watu wakikasirika hivyo. Hezroni akauliza ni lini nimeona majani katika kipande chake. Jirani naye akaapa kwamba hajawahi kutia jembe katika kipande cha mtu na hataanza leo. Mtu akilima kipande cha mwenzake, amemwita mvivu mbele ya kijiji kizima. Baba akaniamuru niombe radhi. Nikaomba. Migombani nyuma yangu kuna mtu alicheka. Kicheko cha Lydia nakijua.

Jumatano, 30 Septemba

Asubuhi. Siku yenyewe. Nimevaa sare. Baba amenyoa. Nina hakika kabisa.

Jioni. Niandike kwa utaratibu.

Mzungu alifika na karani wake. Baba akamwambia karani leo apumzike. Watu wakasimama katika mstari. Mimi na Lydia tuliketi ukutani, tumekatazwa kufumbua mdomo. Ndipo nikaona mwisho wa mstari kuna pengo. Hezroni! Lydia akaninong'oneza kwamba jana baba yake alishusha maharage Hedaru, na lori la kumrudisha limeharibika. Hakuwa anacheka.

Fanueli akapiga saluti, akasema Bwana. Neno likashuka nyumba kwa nyumba, zito, safi, kama saa ya habari. Ndiva. Yetu. Inavuja. Mzungu akatoa macho. Tafadhali. Tupe.

Ikafika zamu ya Hezroni.

Wote wakageuka kulitazama pengo. Mzungu naye akalitazama. Simenti! Neno lenyewe linafanana na letu, hata mtoto wa kunyonya angelisema. Hakuna aliyelisema. Kipande si chao. Mzungu akarudia kwa upole, tupe nini? Baba akamjibu kwa Kiswahili kwamba neno lililobaki ni la Hezroni. Nilijiuma ulimi mpaka damu.

Ndipo Bibi Justa akatoka nyuma, akasimama pale penye pengo, akanyoosha kidole kwenye mikono ya mzungu iliyojaa tope la ndiva, akamwambia kwa Kiingereza anawe kwa sabuni.

Mzungu uso ukamng'aa. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi. Akampa Bibi mkono, akawapa mkono wote, akaondoka.

Baba amerudi ndivani peke yake. Mama ameniwekea chakula, sikula. Shule imekwenda.

Ijumaa, 16 Oktoba

Baragumu! Tumekimbia ndivani. Wapagazi wameleta masanduku kutoka kwa mzungu wa maji.

Sabuni. Masanduku yote. Sabuni.

Nilitaka ardhi inimeze. Baba akakigeuza kipande kimoja mkononi, akakinusa. Kisha akaanza kutoa hukumu, polepole, mbele ya watu. Je, watu wazima walisema Kiingereza? Walisema. Karani aliingia kati? Hakuingia. Mzungu alielewa? Alielewa kila alichoambiwa, na amekileta. Simenti haikuombwa na mtu yeyote. Kosa hilo lina mwenyewe, nalo lina faini yake. Mtu hupimwa kwa kipande chake, na kipande cha binti yake Raheli hakina jani.

Nitakwenda! Nitakwenda! Nitakwenda!

Hezroni ametoa mbuzi bila ubishi. Ila ameomba, kabla mbuzi hajachinjwa, aruhusiwe kusema neno lake. Akalisema. Kwa kweli alikuwa analijua vizuri kuliko wote. Watu wakampigia makofi. Ndiva tumeiziba kwa udongo wa kichuguu, kama miaka yote. Tukanawa mikono, tukala. Bibi alikagua kucha za kila mtu.

Alhamisi, 18 Machi 1954. Bwenini.

Kesho mtihani wa jiografia. Wenzetu wa mabweni mengine wanalia juu ya vitabu. Sisi tunalala mapema, kwa sababu nimeingiza njia ya Myamba: kitabu tumekigawa, kila msichana sura yake. Mimi nina milima. Yupo wa mito, yupo wa pamba na katani. Mmoja akasema katika mtihani kila mtu huulizwa yote. Wa mjini, hajui kazi za pamoja.

Sura ndefu kuliko zote, Kanada na ngano yake, nimempa Lydia. Siku hizi ni rafiki yangu, na nyumba yao ina nguvu.

Usiku huu amepelekwa zahanati na homa. Matroni anasema hatatoka kabla ya Jumatatu. Msichana mmoja akapendekeza nifungue hiyo sura niisome walau mara moja. Nimekataa. Mtu na kipande chake!

Sina wasiwasi hata kidogo. Kwenye karatasi nitamwachia Lydia nafasi yake wazi.