Ufunguzi wa Karakana ya Kuunga Vyuma, Sekei

Mheshimiwa sana Kofia ya Bwana Diisii, Mkuu wa Wilaya yetu, uliyeketi leo kwenye kiti hiki cha mbele kwa niaba ya kichwa chako kilicho safarini. (Watu wanasimama, wanaiinamia kofia, wanaketi) Wazee Washili, wakuu wa koo za Meru, Mchungaji, Shehe Abdulrahim wa mjini, wakulima wa kahawa, mabibi, na ninyi mliopanda ukutani bila kibali: mimi, Bwana Stefano Resiato, Karani Mkuu Msaidizi wa Skimu ya Chuma na Moto, nawasalimu nyote kwa salamu ya kiserikali, ambayo haihitaji kujibiwa.

(Watu: "Amina.")

Wazee wangu, tangazo la mkutano huu lilisomwa kanisani kwa sababu ndiko mnakopatikana, lakini mkutano wa serikali hupigiwa makofi. (Makofi. Mzee mmoja: "Amina.")

Nimeiona mashine ya kukobolea kahawa ya watu wa Akheri, mliyoibeba mabegani tangu alfajiri, gurudumu lake limepasuka katikati. Nimeambiwa na Mama Anande kwamba kahawa ya kijiji kizima imeiva, imechumwa, imo kwenye magunia, na isipokobolewa leo itachacha yote. Huo, mabibi na mabwana, ndio moyo wa ushirikiano! (Makofi machache. Mama Anande: "Si ushirikiano, Bwana. Ni chakula cha watoto.") Ahsante, Mama, kwa kuniunga mkono.

Sasa naingia kwenye sayansi. Chuma huungwa na chuma kwa njia nne, na Skimu yangu imezikamilisha zote kwa asilimia mia na kumi. Kuna ya mhunzi: vipande viwili huwekwa motoni mpaka viwe vyeupe, kisha hugongwa mpaka vishikane, hii tumeiboresha kwa kuipiga marufuku, kwa kuwa ni ya kizamani, na mhunzi wetu Eliasi amekabidhi nyundo yake kwa hiari, akisaidiwa na askari wawili. (Kicheko. Askari mmoja anakohoa.) Kuna ya gesi, itokanayo na mawe ya kabaidi yakitiwa maji, na moto wake hukata hata reli, kabaidi yetu iliwaka vizuri sana kwenye taa za harusi ya binti yangu, hata bibi harusi alionekana toka Olasiti. Kuna ya shaba, ambayo huyeyushwa katikati ya vyuma viwili, vyenyewe visiyeyuke. Shaba yote ya serikali ipo, haikupotea hata punje, mnaiona hapa kwenye vifungo vya koti langu. (Makofi. Vifungo vinang'aa.) Halafu ile ya wataalamu, ya umeme, ambapo cheche huruka na fundi huvaa kioo cheusi usoni. Kioo kimefika. Umeme utafika mara nguzo zake zitakapoungwa, na nguzo zitaungwa kwa umeme.

(Mama Anande: "Bwana, fundi yuko wapi? Kahawa inatoa povu!")

Swali la kiufundi hilo, Mama. Litajibiwa na kamati, nayo kamati itateuliwa. Mjue tu kwamba mtu aliyezaa wazo hili hakulala, hakula, na wala hajisifu, ingawa angekuwa na haki.

Chuma ni Umoja! (Watu: "Umoja!") Moto ni Maendeleo! (Watu: "Maendeleo!") Idumu Kofia! (Watu wanatazamana.)

Mwisho kabisa, nawashukuru watu wa Akheri kwa kuileta mashine, maana bila chuma kilichovunjika ombi letu la kujengewa karakana lisingeaminika Dar es Salaam. Mashine itaondoka kesho na lori, itatazamwa na wakubwa, na ikionekana kweli imepasuka, basi karakana itaanza kufikiriwa. (Askari wanaishika mashine. Wakulima nao wanaishika.) Iachieni, ndugu zangu, sasa ni kielelezo. Utepe niliokata pale kati ya migomba miwili ni wa kukodi. Naomba vipande vyote virudishwe. Mama Anande, usilie, serikali imekufikiria wewe kwanza. Nendeni salama, na kila mwenye kahawa iliyobaki mtini, aiambie isiive.