Wasomaji 214 wa Maktaba Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Salaale! Nimeitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu kabla hata sijamaliza chai. Kanisomea barua. Chuo cha ualimu kilicho ng'ambo ya barabara, ambacho ndicho mlezi wa shule yetu, kinakagua vyumba. Maktaba ambayo haijaazimisha vitabu mia mbili muhula huu itapewa kazi nyingine. Mkutubi atarudi kufundisha. Nikauliza darasa gani. Akasema La Kwanza B.

La Kwanza B! Watoto sabini na mmoja! Nilitoka huko miaka tisa iliyopita na sikio langu la kushoto halijapona.

Muhula huu nimeazimisha vitabu viwili. Kimoja nilijiazimisha mwenyewe. Cha pili kinazuia mlango wa Mwalimu Mkuu usijifunge. Lakini njooni mzione rafu zangu! Miaka tisa, hakuna ukurasa uliokunjwa, hakuna alama ya kidole. Kuna binti wa darasa la tano, wenzake wanamwita Kwa-Nini, huja kila mapumziko kuomba kitabu. Kila mapumziko namwambia mikono yake imelowa.

Saa sita nimemkuta Mwalimu wa Michezo anapima mlango wa maktaba kwa futikamba. Mwalimu wa Michezo ni shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Eti mipira yake inanyeshewa. Halafu kaja kwangu kula chakula cha mchana kama kawaida, na kaongeza mara mbili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimechukua daftari la kuazima vitabu na orodha za majina za madarasa yote, nikajifungia maktaba mchana kutwa. Nimeandika kwa kalamu tatu, kwingine kwa mkono wa kushoto. Kila mtoto na kitabu chake, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Wote wamerudisha kwa wakati. Watoto wazuri sana hawa, nimewapenda.

Shida ilikuwa majina ya vitabu. Kuinuka kila mara kwenda rafuni kunachosha. Miguuni pangu palikuwa na boksi la msaada wa mwaka juzi, nakala arobaini za kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki, bado limefungwa kwa gundi. Nikaandika nyuki. Nikaandika nyuki tena. Nilipochoka kutafuta majina ya watoto nikamwandika mlinzi wa getini, mara saba. Jumla mia mbili na kumi na nne!

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Vizuri. Mimi sijawahi kupenda safari ndefu.

Jumatano, 5 Machi

Mkaguzi wa chuo amekuja. Amelisoma daftari, akavua miwani, akaivaa tena. Kaniuliza kama ni kweli shule nzima inasoma habari za nyuki. Nikasema nimejaribu kuwazuia, hawazuiliki. Mlinzi akaitwa apongezwe. Akasema nyuki pekee anaowajua ni waliomuuma shavu mwaka jana. Nikamweleza mkaguzi kwamba yule mzee ni mnyenyekevu mno.

Mwalimu Mkuu amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Hata nilipofiwa hakunishika hivyo! Shemeji amekunja futikamba. Mchana alikula kidogo sana, na mimi nilimkaribisha aongeze.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mkaguzi kaagiza daftari langu litundikwe kwa kamba kwenye ubao wa matangazo, liwe mfano. Hilo sikulitegemea kabisa! Watoto wamejazana kutafuta majina yao.

Kwa-Nini kaja mbio. Kasema kwa adabu kwamba daftari linaonyesha alisoma kitabu cha nyuki wiki mbili nzima. Nikasema ndiyo, na hongera. Akasema yeye hakumbuki, labda alikisoma vibaya, anaomba akirudie. Nikamwambia mikono. Alikuwa ameikausha. Nikamwambia kucha. Alikuwa amezikata! Ilibidi nifunge maktaba kwa ajili ya kuhesabu vitabu.

Ijumaa, 7 Machi

Roho iko juu juu. Barua nyingine! Mhadhiri wa kilimo wa pale chuoni amesikia habari za wasomaji wangu. Inasemekana alitokwa na machozi. Jumatatu atakuja na zawadi, atawauliza watoto maswali mbele ya shule nzima, na siku hiyo hiyo hatima ya maktaba itaamuliwa.

Nimemweleza mke wangu ukweli wote. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, baba watoto, kwani vitabu si vipo? Wagawie, wana siku mbili nzima za kusoma. Kuwagawia! Miaka kumi na miwili ya ndoa na bado sijamjua huyu mwanamke.

Nimefuata akili yangu. Nimechomoa nakala moja kwa pembeni bila kuharibu boksi, nikasoma kurasa tatu. Zinatosha. Kisha nimewakaririsha darasa la tano, kila mtoto jibu lake moja, kwa mpangilio wa viti. Wa kwanza, mabawa manne. Wa pili, malkia mmoja. Wa tatu, moshi huwatuliza. Mhadhiri nitampa maswali kwa mpangilio huo huo. Shemeji alichungulia dirishani na kutabasamu. Sikulipenda tabasamu lile.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa jicho moja. Jingine limefungwa na uvimbe.

Mhadhiri kaja na zawadi yake kwenye toroli. Mzinga! Wenye nyuki! Wazima! Nilidhani ataleta kalamu.

Maswali yakaanza. Nyuki ana mabawa mangapi? Mtoto wa kiti cha kwanza anaumwa tumbo, hakuja. Wa pili akaona zamu imefika kwake, akajibu malkia mmoja. Malkia ni wangapi? Moshi huwatuliza. Jamani! Kila jibu lilikuwa sahihi, ila kwa swali la jirani. Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Ndipo Kwa-Nini akasimama. Akaomba radhi. Akasema hawajasoma, mwalimu, si kwamba hawataki. Vitabu viko kwenye boksi na boksi halijawahi kufunguliwa. Akanyoosha mikono yake mikavu ili wote waione. Hakuna aliyecheka tena. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwalimu Mkuu akanigeukia. Nami nikajikaza kisabuni, nikatangaza kwamba nitawaonyesha kwa vitendo kuwa maktaba hii inasomwa, walau na mkutubi wake. Nikachomoa daftari ubaoni, nikachana kurasa, nikaziwasha kwenye kopo la kufukizia moshi alilokuja nalo mhadhiri. Ushahidi umeisha! Nilijiona mjanja kwa muda wa dakika moja hivi. Nikafunua mfuniko wa mzinga.

Ukurasa wa nne, nimeambiwa baadaye, unakataza kuwakaribia nyuki ukiwa umejipaka manukato. Mimi nilikuwa nimejipulizia nusu chupa, kwa heshima ya mgeni.

Shule nzima ilitimua mbio. Nyuki wakanimaliza mimi kwanza, kisha wakaingia maktaba kupitia dirishani na kutulia kwenye rafu ya kamusi. Shemeji ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka nyumbani. Njia nzima alinipa pole tu. Ingekuwa heri angenicheka.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu ameniletea habari kitandani, kijiko cha dawa mkononi. Mwalimu Mkuu amelipasua boksi kwa kisu na kugawa nakala zote arobaini pale uwanjani, watoto wasome jinsi ya kuwahamisha nyuki. Wamesoma wawili wawili. Wamesoma wakila! Leo asubuhi mhadhiri na darasa la tano wamewarudisha nyuki mzingani, Kwa-Nini akiwasomea hatua moja moja kwa sauti. Kisha watoto wakaomba vitabu vingine, na rafu zimeanza kuwa tupu.

Maktaba imenusurika. Ufunguo amekabidhiwa Kwa-Nini na wenzake watatu. Mimi Ijumaa nianze La Kwanza B. Nimegeukia ukutani nikalia, na si kwa sababu ya uvimbe.

Ijumaa, 14 Machi

Watoto sabini na mmoja. Kelele ni zile zile.

Saa nne chuo kimeleta vitabu vipya vya kujifunzia kusoma, kimoja kwa kila mtoto, vyenye picha za rangi. Mungu wangu, uzuri ulioje! Nimefungua kimoja nikanusa wino. Kurasa zinateleza. Mtoto wa dawati la mbele, hana meno mawili ya mbele, kaniuliza kama hicho ni chake.

Nikamtazama. Nikakitazama kitabu. Kabati la darasa hili lina kufuli madhubuti sana.

Tumeimba a, e, i, o, u mpaka kengele ikalia. Watoto walipotoka nimefungua daftari la maendeleo na kujaza safu ya kusoma, jina kwa jina, mpaka chini. Sabini na mmoja, wote wanasoma vizuri sana.