Mpini wa Fimbo ya Shangazi

Jumatatu, 6 Mei
Fimbo ya shangazi imevunjika mpini. Jumamosi ni mahafali ya binti yake wa mwisho, anahitimu uuguzi, na shangazi ameapa kuingia ukumbini kwa miguu yake. Shemeji, kaka wa mke wangu, mpenda sifa, keshaazima kiti cha magurudumu. Anakipiga pampu mbele ya mlango wetu ili mtaa mzima umwone. Shangazi kamwambia yeye si gunia la mkaa.

Hapo nikajitosa. Mpini nitachonga mimi. Mke wangu akauliza tangu lini najua kuchonga. Nikamkumbusha kwamba mumewe ni mtu aliyetembea: bandarini, hotelini, hata kwenye kiwanda cha samani. Akasema kiwandani nilikuwa mlinzi. Ndiyo, na mlinzi kazi yake kutazama.

Jumanne, 7 Mei
Nimeazima tupa za mbao kwa Fundi Kobe, seremala jirani. Kobe ni kwa ajili ya mwendo wake kazini. Tupa ni chuma kirefu chenye meno kama ulimi wa paka, ila huyu paka ana hasira. Kanipa mbili: ya meno makubwa ya kuanzia, ya meno madogo ya kumalizia. Akafungua darasa. Bana mti kwenye jiriwa, kile chuma cha kubania, usiwe na haraka, simama uutazame. Nikaitikia huku nafsi yangu ikiwa mbali.

Jiriwa sina. Magoti ninayo. Mpaka jioni kipande cha mpera kimepungua kidogo, suruali imepungua sana.

Jumatano, 8 Mei
Fundi Kobe kapita uani akanikuta naipeleka tupa mbele na nyuma kama napasua magogo. Akasema tupa inakula ikienda mbele tu, kurudi nayo ni kuing'oa meno. Ukirudi, inyanyue. Nikamweleza kwamba huu ni mtindo wa ng'ambo. Akasema pole, tupa yake haijawahi kusafiri.

Alipoondoka nikajaribu mtindo wake. Mbele, nyanyua. Mbele, nyanyua. Unga wa mti ukamwagika miguuni mwangu, laini kabisa. Sikuona haja ya kumfuata kumwambia.

Alhamisi, 9 Mei
Kazi ya sanaa. Mpini una mabonde manne ya vidole na kitanda cha kidole gumba. Ukiushika ni kama unapeana mkono na rafiki. Nimemwonyesha shemeji kwanza, alikuwa anatia mafuta magurudumu. Akaweka kopo la mafuta chini. Raha iliyoje.

Kisha nikampa shangazi. Akaushika, akaugeuza, akaushika tena. Akauliza, mwanangu, umepima kwa mkono wa nani? Wangu, nikasema, kifua mbele. Wa kulia? Wa kulia. Akasema yeye anatumia wa kushoto tangu azaliwe, na ni huohuo ulionilisha uji miaka yote ile.

Shemeji akarudi kwenye magurudumu yake, anapiga mluzi.

Ijumaa, 10 Mei
Nimeyasawazisha mabonde kwa tupa kubwa. Mpini umebaki mwembamba, na mpera mwingine sina. Naandika hapa tu: niliogopa. Kichwani nilimwona shangazi akisukumwa kwenye kile kiti, macho chini, na binti yake akimtazama kutoka mbele.

Shangazi akasema lete hapa. Akaketi kibarazani, akaniamuru niushike mti kwa mikono miwili ukingoni mwa benchi nisipumue. Jiriwa nikawa mimi. Akachukua tupa ndogo kwa kushoto. Anasukuma kidogo, anaacha, anaufumbata mti kafumba macho, anasukuma tena. Nikataka kumshauri. Akasema jiriwa haziongei.

Msasa kidogo, gundi, skrubu moja. Akasimama, akazunguka chumba kizima. Mke wangu akageukia dirishani kufuta macho. Mimi, ni vumbi la mbao lililoniingia machoni.

Jumamosi, 11 Mei
Ameingia! Mlango mkubwa, katikati ya viti, polepole, kichwa juu. Nyuma yake shemeji anasukuma kiti kisicho na mtu, kimejaa mikoba yetu. Binti akamwona, akasahau kwamba yuko kwenye mstari, akakimbia kumkumbatia. Hakuna aliyemkemea.

Mzee mmoja aliyeketi jirani yetu akauliza nani kachonga mpini ule. Shangazi akasema ni huyu mtoto wa kaka yangu. Mungu amweke. Mzee akanieleza kwamba mguu wake mmoja ni mfupi, anataka soli nene ya mbao chini ya kiatu, apate kusimama sawa na wenzake. Nikamshika bega. Nikamwambia amefika penyewe, kazi hiyo nimeiona nchi nyingi.

Nimeshapata mti. Sikumuuliza ni mguu gani. Nitaanza na wa kulia.